Maktaba ya Ng'ambo: Kipimo, Kivuli na Sauti



Jengo la umma likitakiwa lienzi asili ya Unguja, jambo la kwanza kutajwa ni mlango wa kuchonga wenye misumari ya shaba. La pili ni tao. Jioni ya leo naitetea maktaba ya mtaa isiyo na mlango huo wala tao, lakini mkaazi wa Ng'ambo akiingia ajue yuko kwao.

Mji Mkongwe uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, na ulistahiki. Ila Ng'ambo, yaani upande wa pili wa kijito cha Darajani kilichokwishafukiwa zamani, waliishi watu waliokuwa wakiuendesha mji ule: wachukuzi, wavuvi, mafundi, waliotoka utumwani na watoto wao, wageni wa Bara na Ngazija. Walijenga kwa miti, udongo na makuti, wengi wao juu ya ardhi ya watu wengine, na mwaka 1928 wakagoma kulipa kodi ya ardhi hiyo. Mwaka huohuo Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba aliyepata umaarufu akiishi Ng'ambo, alisafiri hadi Bombay kurekodi nyimbo zake katika santuri. Milango ile mikubwa ilikuwa ya wenye mali. Tukimtundikia mpangaji mlango wa mwenye ardhi, kisha tukauita urithi wake, tutakuwa tumemnyang'anya mara ya pili.

Funzo tunalo karibu. Pale Mnazi Mmoja ipo Beit el Amani, jumba la makumbusho lililobuniwa na J. H. Sinclair, ofisa wa Kiingereza, likafunguliwa mwaka 1925. Ni jengo zuri, nami nalipenda. Lakini zile kuba zake hazikutoka katika nyumba ambazo majirani wake walizijua. Ni vazi alilolichagua mtawala ili jengo lionekane la Mashariki. Baada ya Mapinduzi ya 1964 yakaja majengo marefu ya Michenzani, yaliyopangwa kwa msaada wa wataalamu wa Ujerumani Mashariki. Yaliwapa watu maji, umeme na paa imara, jambo ambalo halifai kubezwa. Lakini baraza za nyumba zilizobomolewa kuyapisha hazikupandishwa ghorofani.

Hapo kwenye baraza ndipo ninapoanzia kuchora. Nyumba ya Ng'ambo ina mpango unaoeleweka hata gizani: baraza mbele, ukumbi mwembamba katikati, vyumba huku na huku, ua nyuma. Barazani hunywewa kahawa, huchezwa bao na husomwa gazeti, mmoja akisoma na kumi wakisikiliza na kubishana. Uani wanawake hupika, husukana na kupanga mambo ya harusi. Maktaba ifuate mpango huo. Baraza iwe ndefu, chini ya upenu mpana, iwe na taa na mfereji wa maji, na ibaki wazi hata milango ikifungwa. Ua uwe na mti, na kinamama waweze kuufikia bila kupita mbele ya macho yote ya barazani. Vyumba vya katikati ndivyo vya kimya. Kwingineko sauti iruhusiwe, maana kwetu kusoma kumekuwa jambo la sauti tangu chuoni kwa mwalimu wa Kurani, watoto wakikariri kwa pamoja, na tenzi zilitungwa zipate kusikilizwa. Maktaba inayomnyamazisha kila anayeingia imewafungia nje wasomaji wetu wengi kabla hawajashika kitabu.

Sasa kipimo. Nyumba za mawe za pwani zina vyumba vyembamba na virefu kwa sababu boriti za mikoko hazifiki mbali: upana ni takriban mita 2 na nusu hadi 3. Wanafunzi wangu hupenda kuzichora boriti darini. Mimi nawakataza. Mikoko inashikilia fukwe zetu na kulea samaki, na tumekwishaikata mno. Tena rafu zilizojaa vitabu ni mzigo mzito mara kadhaa kuliko vyombo vya nyumbani, kwa hiyo zikae chini, juu ya msingi ulioinuliwa, na ghorofa ya juu iachiwe watoto na mikutano. Tunachokichukua kwa mafundi wa zamani ni ule upana wenyewe. Chumba cha mita 3 hupitisha upepo kutoka dirisha hadi dirisha, na mwanga hufika kila meza.

Upepo huo ndio uhai wa karatasi. Unguja iko nyuzi 6 kusini mwa Ikweta. Jua hupiga vikali kuta za mashariki na magharibi, basi kuta ndefu zielekee kaskazini na kusini, ambako pia hutokea kaskazi na kusi. Kuta za mawe na chokaa hunywa unyevu na kuutoa. Ukizipaka saruji, unyevu hunaswa ndani, na masika moja tu yatosha kuotesha kuvu kwenye migongo ya vitabu. Rafu zisiegemee ukuta wa nje, ziachiwe nafasi ya kupita upepo na jicho la mkutubi anayetafuta njia za mchwa.

Ndani ya rafu hizo ziwemo sauti pia. Historia ya Ng'ambo haikuandikwa sana. Iliimbwa, na ilitangazwa redioni kutoka Raha Leo. Kiwekwe chumba cha kusikilizia santuri na kanda, na kingine cha kurekodia, ili bibi aliyekuwa katika ngoma ya lelemama aeleze nani alishona sare na nani alitunga wimbo, naye apewe nakala ya maneno yake.

Saa za kazi nazo ni usanifu. Ziko skuli zinazosomesha kwa zamu mbili, na nyumbani chumba kimoja hulala watoto wanne. Maktaba inayofungwa saa tisa na nusu alasiri haimfai mtoto wa hali hiyo. Ifunguliwe hadi baada ya sala ya isha, na mshahara wa mtu wa jioni uingie katika bajeti ya ujenzi tangu siku ya kwanza.

Na chokaa hudai kupakwa upya kila baada ya muda. Naliomba Baraza la Manispaa, kabla mchoro wowote haujapitishwa, liandike fungu la ukarabati la kila mwaka na kuwataja mafundi wa mtaani watakaofunzwa kazi hiyo. Fungu hilo lisipokuwapo, nitawashauri wazee wa mtaa wasitoe kiwanja.