Kigong'ota Nyuma ya Nyumba

(SAUTI: kijiti kikigonga mti mkavu, ko-ko-ko-ko)

MTANGAZAJI: Wasikilizaji wetu wa Nyarugusu, mlio nyumbani na mlio kwenye foleni ya maji, mmesikia mlio huo? Si jirani anayetengeneza mlango. Ni ndege. Anaitwa kigong'ota, wengine husema kigogota.

Nyuma ya nyumba yetu kuna mti uliokauka. Mama alikwisha kuuhesabu kuwa kuni. Asubuhi moja nilikwenda na shoka, nikamkuta ndege mdogo ameng'ang'ania shina, utosi mwekundu, anatupa vumbi la mti kutoka kwenye shimo. Nikaweka shoka chini, nikakalia ndoo, nikatazama.

Mwenye utosi mwekundu alikuwa dume. Jike wake hana wekundu huo. Wote wawili walichimba kwa zamu, na mayai huyaatamia kwa zamu vilevile. Ukimwona, mwangalie miguu: vidole viwili mbele, viwili nyuma. Mkia wake mgumu huuegemeza kwenye mti asianguke. Kwa ulimi mrefu huwatoa mabuu na sisimizi walio ndani. Akigonga mbiombio bila kuchimba, anawaambia wenzake: hapa pana mwenyewe.

Makinda yakikua, familia huhama. Lakini kuna ndege wasio na mdomo wa kuchimba, kama kwezi, ambao huingia kwenye mashimo ya zamani na kutaga humo. Kwa hiyo ukiangusha mti ule, unavunja pia nyumba ya watakaokuja baadaye.

Mama aliniuliza, "Huyo ndege atatupikia?" Lilikuwa swali la haki. Wewe mama unayenisikiliza unajua kutafuta kuni kulivyo na taabu na hatari. Tulikubaliana hivi: matawi tukakata, shina likabaki. Kuni zilikuwa chache kuliko tulivyotarajia, sitakuficha.

Nakuomba, msikilizaji: mti mkavu ukiinamia nyumba, ukate, watoto kwanza. Ukiwa mbali na umesimama imara, tafuta shimo kabla ya kuinua shoka. Nanyi wadogo zangu, wekeni manati chini, na msitie mkono shimoni. Nyoka nao huingia humo.

Kesho alfajiri, kabla ya kelele za ndoo, tega sikio. Ukisikia ko-ko-ko, toka nje utazame juu.

 

(SAUTI: ko-ko-ko-ko, inafifia)