Picha ya Wasifu: Nani Anaiona, na Nani Anaitumia?



Mada hii inahusu kitu kidogo kinachoonekana kila siku katika simu bila kutiliwa maanani: picha ya wasifu, ile ambayo vijana huiita dipii. Ni duara dogo lenye sura ya mtu kando ya jina lake. Duara hilo ndilo linalomfanya mama wa Nyakato aamini kwamba anayemwandikia ni mwanawe aliyeko Mwanza. Ndilo pia linalomfanya mweka hazina wa kikoba aamini kwamba ujumbe alioupokea umetoka kwa mwenyekiti wake. Kwa kuwa sura imepewa imani kubwa kiasi hicho, imegeuka kuwa nyenzo ya matapeli.

Tapeli wa aina hii hahitaji kuiba simu wala kujua namba ya siri ya mtu. Huichukua picha ya mhusika, akaiweka katika laini nyingine, akaandika jina lilelile, kisha akawatumia ndugu na marafiki ujumbe kwamba namba ya zamani imepotea. Baada ya salamu mbili tatu huja shida: mgonjwa yuko hospitali, gari limeharibika njiani, au mzigo umekwama na fedha kidogo zinahitajika kabla ya jioni. Mpokeaji huiona sura anayoifahamu, huingiwa na huruma, na hutuma. Aliyeibiwa fedha ni mmoja, lakini aliyeharibiwa jina ni mwingine, na mara nyingi wote wawili ni ndugu.

Katika maisha ya Musoma, namba ya simu si siri. Mfanyabiashara wa dagaa katika mwalo wa Mwigobero huwapa wateja wote namba yake. Fundi huiandika ukutani, na dereva wa bodaboda humpa kila abiria. Katika kundi la WhatsApp la mtaa, la msiba au la harusi, kila mwanachama huziona namba za wenzake. Basi mwenye namba, kama picha nayo iko wazi kwa kila mtu, anakuwa na vitu viwili ambavyo tapeli anavihitaji: sura, na orodha ya watu wanaoiamini sura hiyo.

Ndugu wananchi, hatua ya kwanza iko mikononi mwa mwenye simu. Katika WhatsApp, mtumiaji hufungua sehemu ya mipangilio, akaingia kwenye faragha, kisha picha ya wasifu. Hapo huchagua picha ionwe na kila mtu, na wale tu aliohifadhi majina yao, na hao isipokuwa wachache aliowaondoa, au isionwe na yeyote. Kwa mkazi wa kawaida, chaguo la wale aliohifadhi majina yao linatosha. Ambaye hajawahi kuugusa mpangilio huo na autazame leo, asidhani tu kwamba uko sawa.

Facebook na Instagram ni tofauti kidogo, na tofauti hiyo inafaa kueleweka. Picha ya wasifu inayotumika sasa katika Facebook huonekana kwa watu wote, hata kama picha nyingine zimefichwa. Katika Instagram, kuifanya akaunti kuwa ya faragha huficha machapisho, lakini duara la picha ya wasifu hubaki wazi. Kwa hiyo katika mitandao hiyo swali la kujiuliza ni iwapo picha hiyo inafaa kuonwa na mtu yeyote duniani. Picha inayoonyesha sare ya shule ya mtoto, namba ya nyumba, kitambulisho au bango la kazini humpa mgeni habari nyingi kuliko sura yenyewe.

Wapo ambao kazi yao inataka waonekane: wafanyabiashara, viongozi wa dini, watumishi wa umma. Hao hawalazimiki kujificha. Mwenye duka anaweza kuweka picha ya bidhaa au ya nembo ya duka katika namba ya biashara, na picha ya familia ikabaki katika namba ya nyumbani. Kwa upande wa huduma za Halmashauri, mwananchi na akumbuke kwamba malipo ya Serikali hufanywa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo, ile izoeleweka kama kontroo namba. Anayetumia picha ya mtendaji au ya afisa na kuomba ushuru, faini au ada ya kibali itumwe kwenye namba ya mtu binafsi, asitumiwe fedha hata kama sura ni ile inayofahamika. Kwanza ofisi iulizwe.

Hata hivyo, mipangilio ya simu haimalizi kazi. Picha iliyokwisha kunakiliwa haiwezi kurudishwa. Maji yakimwagika hayazoleki. Ndiyo maana hatua ya pili ni ya mpokeaji wa ujumbe. Ombi lolote la fedha linalotoka katika namba mpya lithibitishwe kwa sauti, kwa kuipiga namba ya zamani. Jina linalotokea kabla ya kukamilisha muamala lisomwe. Vikundi vya kuweka na kukopa vikubaliane kwamba hakuna fedha inayotoka kwa ujumbe wa maandishi peke yake. Ndugu wa kweli hatachukia kupigiwa simu.

Hatua ya tatu ni kuheshimu picha za wengine. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inalinda taarifa zinazomtambulisha mtu, na picha yake ni miongoni mwazo. Sheria hiyo imeunda Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, ambako mwananchi anaweza kupeleka malalamiko. Nchi jirani ya Kenya imekwisha kuonyesha uzito wa jambo hili. Mwezi Septemba 2023, Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data ya nchi hiyo iliitoza shule moja, Roma School, shilingi za Kenya 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi. Ukumbi wa starehe wa Casa Vera ulitozwa shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila ridhaa yake. Shule, vikundi na wapiga picha wa sherehe katika kata zetu wana somo hapo: ruhusa hutangulia picha.

Ikiwa sura ya mkazi imekwisha kutumiwa, asione haya wala asinyamaze. Awaarifu mapema ndugu na makundi aliyomo kwamba namba ile si yake. Ujumbe usifutwe, namba, tarehe na saa vihifadhiwe kama ushahidi. Namba inayotumika kutapeli itumwe kwenye 15040, namba iliyowekwa kwa kazi hiyo, na akaunti bandia iripotiwe ndani ya mtandao wenyewe. Kisha taarifa ifikishwe kituo cha polisi, kwa kuwa kujifanya mtu mwingine kwa kutumia kompyuta au simu ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Msichana au mwanamke anayetishiwa kwa picha zake anaweza kulifikia Dawati la Jinsia na Watoto. Aliyetishiwa si mkosaji. Mkosaji ni anayetisha.

Ndugu wananchi, wazazi na wawasaidie watoto kuitazama mipangilio hiyo, na vijana wawasaidie wazee ambao simu zao zilifunguliwa na mtu mwingine. Kazi hiyo haichukui dakika tano, nayo inaweza kuokoa akiba ya kikundi kizima iliyokusanywa kwa mwaka.