Ngazi Ni ya Nani?

Mikese, kando ya barabara kuu ya Dar es Salaam–Morogoro, nyumba nyingi ni za chini. Ghorofa la wamiliki wengi likijengwa, ngazi itakuwa ya nani?

Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Jengo ya 2008 inajibu: mnunuzi hupata hati ya sehemu yake, lakini ngazi, paa na korido ni za wamiliki wote kwa hisa. Hisa hiyo haiuzwi peke yake.

Wanakijiji hawatashangazwa na umiliki huu wa pamoja. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inatambua ardhi ya matumizi ya wote, na mkutano mkuu wa kijiji ndio huidhinisha itengwe.

Msikilizaji, kabla ya kulipia sehemu ya ghorofa, dai kuona ramani iliyosajiliwa inayoonyesha eneo la pamoja.