Kiharusi Hakingoji

Sisi wafanyabiashara tumezoea kuhesabu fedha. Leo twaomba tuhesabu dakika.

Mwaka 2020, madaktari wa Mount Sinai mjini New York waliwapokea katika wiki mbili wagonjwa watano wa kiharusi wenye umri wa miaka 33 hadi 49, wote wakiwa na virusi vya korona. Maambukizi hayo huweza kudhuru kuta za mishipa na kuigandisha damu. Bonge likiziba mshipa wa ubongo, sehemu hiyo hukosa oksijeni, ikaanza kufa. Wawili kati yao walichelewa kuita gari la wagonjwa kwa kuiogopa hospitali.

Hofu hiyo nasi twaijua. Basi tukimwona mtu mdomo umepinda, mkono umelegea au kauli imekwama, tusimwambie apumzike kwanza, wala tusingoje duka lifungwe au ibada imalizike. Dawa ya kuyeyusha bonge kwa kawaida hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze. Kumkimbiza mgonjwa hospitali ni seva, yaani utumishi, nayo ni ibada.