Kazi na Amani: Tujifunze kwa Watu wa Ulster

Leo tuzungumze juu ya kazi, kwa sababu mtu anayekimbia vita hupoteza nyumba, shamba na kazi yake pia.

Ulster iko kaskazini mwa kisiwa cha Ireland. Zaidi ya miaka 100 iliyopita, mji wake mkubwa, Belfast, ulijulikana kwa vitambaa vya kitani na kwa meli. Meli ya Titanic ilitengenezwa huko, ikashushwa majini mwaka 1911. Lakini wafanyakazi waliishi kwa shida. Wanawake walisokota nyuzi bila viatu, wakisimama kwenye maji. Vumbi la kitani liliharibu mapafu. Watoto waligawanya wakati wao kati ya shule na kiwanda.

Wafanyakazi hao walikuwa Wakatoliki na Waprotestanti. Mwaka 1907, watu wa bandari na waendesha mikokoteni waligoma. Kiongozi wao, James Larkin, aliwaunganisha wa pande zote mbili. Njaa haikuuliza mtu anasali wapi.

Umoja huo haukudumu. Julai 1920, wakati wa fujo za kisiasa, maelfu ya Wakatoliki walifukuzwa kwa nguvu katika viwanda vya meli, pamoja na Waprotestanti waliotetea umoja wa wafanyakazi. Waliowafukuza walikuwa wafanyakazi wenzao! Oktoba 1932, watu wasio na kazi wa pande zote waliandamana tena pamoja, na msaada wao ukaongezwa. Hata hivyo ubaguzi katika kazi uliendelea, ukawa moja ya sababu za vita vilivyofuata, hadi mapatano ya mwaka 1998. Sheria ya mwaka 1989 iliwalazimisha waajiri kuhesabu wafanyakazi wa kila upande, ili aliyeachwa nje aonekane.

Sisi tunajifunza nini? Viongozi, tunapoandika majina ya watu wa kutengeneza barabara au kubeba mizigo ya msaada, tuyasome mbele ya wote. Tusichague kwa kabila, lakini tuangalie ni nani amesahauliwa: mjane, mgeni wa jana, mtu wa kabila dogo. Na sisi wafanyakazi, siku jirani anapofukuzwa, tusinyamaze. Anayenyamaza leo atafukuzwa kesho.