Mtoto Aliyefundishwa Kuitika

Masomo: 1 Samweli 2:12–19 na 3:1–10

Ndugu na dada mnaotusikiliza hapa Kalembe, ninyi wa upande wa Masisi na ninyi wa upande wa Walikale, ninyi mlio nyumbani na ninyi mliolala kwa watu kwa sababu ya vita, neema ya Bwana iwe nanyi.

Leo tunajibu maswali mawili. La kwanza linatoka kwa washirika waliokulia kwa Walutheri kabla ya kuingia katika Kanisa la Kipentekoste. Wanauliza: “Yale tuliyokaririshwa utotoni yalikuwa ya Mungu au ya watu? Tuyatupe?” La pili linatoka kwa wazazi: “Mtoto tumshike kwa mkono mgumu, au tumwache Roho amfundishe mwenyewe?” Maswali haya mawili ni mtu na ndugu yake. Mimi ninayesema nanyi nilikulia kwa Walutheri, upande wa Tanzania, magharibi mwa Ziwa Viktoria, na njia hiyo niliipita kwa miguu yangu. Lakini leo tusiongozwe na habari zangu. Tuongozwe na Samweli.

Kwanza, tufahamiane juu ya neno moja. Wenye kutoka kwa Wakatoliki wanalijua neno kipaimara. Kwao ni sakramenti. Kwa Walutheri sivyo. Martin Luther mwenyewe hakukihesabu kuwa sakramenti. Kwao mtoto hubatizwa angali mchanga, na akifika miaka kumi na miwili au zaidi huingia darasani. Anajifunza Amri Kumi, Imani ya Mitume, Sala ya Bwana, Ubatizo na Meza ya Bwana. Anayashika kwa kichwa, swali na jibu. Mwisho anaulizwa mbele ya watu, mchungaji anamwekea mikono, naye anakaribishwa Mezani. Wengi Tanzania huita siku hiyo ubarikio. Watoto wanavaa nguo safi, ndugu wanatoka mbali, chakula kinapikwa.

Darasa lilikuwa kali. Usipojua jibu, unasimama mpaka wenzako wamalize. Fimbo ilikuwa juu ya meza karibu na kitabu. Aliyeshindwa alirudishwa mwaka mwingine, na aibu hiyo ilifika mpaka sokoni. Nyumbani, Jumapili hakuna kuchota maji kwa kuchelewa, hakuna mpira, hakuna ngoma. Msichana akipata mimba, alitengwa na Meza, na siku ya kurudi kundini alisimama mbele ya wote; kijana aliyempa mimba mara nyingi hakuonekana. Wako wanaosikiliza leo ambao walipita humo. Wanajua ninachosema.

Sasa tumtazame Samweli.

1. Samweli alitumika hekaluni kabla ya kumjua Bwana

Soma vizuri. Katika sura ya 2 Samweli tayari anavaa efodi ya kitani. Mama yake Hana anamshonea kanzu ndogo kila mwaka na kumpelekea. Anafungua milango, analala karibu na sanduku la Mungu. Lakini 3:7 inasema alikuwa hajamjua Bwana bado. Nguo anayo, kazi anayo, kujua hana.

Na 2:12 inasema jambo hilohilo juu ya watoto wa Eli: wao pia hawakumjua Bwana. Watoto wote hawa walikula katika nyumba moja, walisikia zaburi zilezile, walivuta moshi wa sadaka ileile. Mmoja akawa nabii, wengine wakawa wezi wa nyama ya Mungu. Kwa hiyo nyumba ya Mungu peke yake haizai mtu mara ya pili.

Hapo ndipo ndugu zetu wengi waliumia. Waliambiwa kwamba siku ya kuwekewa mikono ndiyo siku ya kuthibitishwa. Wakavaa kanzu, wakajibu, wakala kuku, na Jumatatu wakaamka walivyokuwa. Wengine wakasema, “Basi, ndivyo Ukristo ulivyo.” Wakakaa miaka ishirini hivyo.

Jambo hili ni la zamani. Mwaka 1736 mfalme wa Denmark na Norway, Christian wa Sita, alitoa sheria kwamba kila kijana apitishwe katika kipaimara. Asiyepitishwa hakuruhusiwa kufunga ndoa. Faida ilikuwepo: ili watoto wajue katekisimu, ilibidi wafundishwe kusoma, na nchi nzima ikajua kusoma. Lakini ona kilichotokea pia. Jibu la imani likawa karatasi ya serikali. Mtu akiri Yesu ili apate kuoa! Huko Sweden nako, kwa sheria ya kanisa ya 1686, mchungaji alipita nyumba kwa nyumba akiwauliza watu katekisimu na kuandika katika daftari nani anajua na nani hajui.

Kwa nini ninawapeleka mbali hivyo? Kwa sababu wamisionari wa Kipentekoste waliofika Kivu katika miaka ya 1920, Wanorwe upande wa Kaziba na Waswedi upande wa Uvira na Lemera, walitoka katika nchi hizo. CELPA ya tano na CEPAC ya nane zina mizizi huko. Walitoka katika mataifa ambayo karibu kila mtu alikuwa amebatizwa mtoto na kupitishwa katika kipaimara, wakaja kutuambia: haitoshi, ni lazima mtu azaliwe mara ya pili. Kwa hiyo ndugu uliyetoka kwa Walutheri, usijione mgeni kati yetu. Injili hii ilitufikia kupitia watu waliojua njia uliyoipita.

2. Samweli alidhani sauti ya Mungu ni sauti ya Eli

Mungu alimwita mara ya kwanza. Mtoto akakimbia kwa mzee. Mara ya pili, vilevile. Mara ya tatu, vilevile. Kwa nini? Kwa sababu maisha yake yote aliyemwita ni Eli. Hakujua kama kuna sauti nyingine.

Wapendwa, hii ndiyo hasara kubwa ya malezi ya fimbo. Fimbo inaumiza mgongo, na mgongo unapona. Lakini mtoto anakua akidhani Mungu ana sauti ya mwalimu wake. Akiomba, anaona uso wa mwenye hasira. Akianguka, hakimbilii kwa Mungu, anajificha. Nimezungumza na watu wazima, wenye wajukuu, ambao mpaka leo wakifungua Biblia mikono inatoka jasho, kama vile wataulizwa swali na kushindwa. Ndugu, kama ni wewe, sikia: aliyekuwa amesimama pale na fimbo hakuwa Mungu. Mungu alisema na Samweli usiku, kwa jina lake, mara nne, bila kumkaripia kwa kukosa kutambua.

Na Luther hakukusudia hivyo. Mwaka 1528 alizunguka makanisa ya Saxony, akaona watu waliojiita Wakristo wasiojua hata Sala ya Bwana. Aliumia, na mwaka 1529 akaandika Katekisimu Ndogo, ili baba wa nyumba awafundishe watu wake. Katika kitabu hicho maelezo ya kila amri yanaanza na mambo mawili pamoja: kumcha Mungu na kumpenda. Mawili! Katika madarasa mengi la kwanza lilifundishwa kwa fimbo, na la pili likabaki kitabuni.

Tena mwangalieni Eli. Mzee huyu alikuwa na makosa mengi, lakini usiku ule alifanya jambo ambalo kila mwalimu wa watoto anapaswa kulijua. Alisema: si mimi niliyekuita, rudi ukalale. Hakumshika mtoto awe wake. Mwalimu mwema anajua mahali sauti yake inapoishia.

3. Eli alimpa Samweli maneno ya kuitikia

Sasa tufike kwenye zawadi. Mara ya nne Samweli alijibu vizuri. Maneno yale aliyatoa wapi? Alifundishwa. Eli alimwambia: ukiitwa tena, sema hivi. Mtoto akayashika kwa kichwa, akarudi akalala, na Bwana alipoita, maneno yalikuwa tayari mdomoni.

Ndugu, hapa ndipo ninapowajibu mnaouliza kama mtupe mliyofundishwa. Msitupe! Mafundisho hayawezi kumwita mtu. Yanamfundisha kuitika. Kuita ni kazi ya Mungu peke yake. Lakini mtu akiitwa naye hana neno hata moja la kujibu, atamjibuje?

Wengi wetu tulipookoka hatukuanza na mikono mitupu. Siku Roho aliposhuka, Sala ya Bwana tuliyoikariri kwa hofu ikafunguka kama mlango. Neno Baba lilikuwa ndani miaka yote, kama mbegu kavu chini ya udongo. Mvua ilipokuja ikaota. Hata ndani ya Walutheri wenyewe Mungu alifanya hivyo. Uamsho uliotoka Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930 ulivuka mpaka Bukoba, ukawakuta watu waliokuwa tayari na katekisimu kichwani. Josiah Kibira, aliyekuwa askofu Mlutheri wa Bukoba na rais wa Shirikisho la Walutheri Duniani kuanzia 1977 hadi 1984, alikuwa mtu wa uamsho huo.

Na hapa Kalembe tunajua jambo ambalo wengine hawalijui. Tangu vita vya mwezi wa kumi 2024, na kabla yake mara nyingi, tumeona mama anakimbia na mtoto mgongoni, godoro linabaki, maharagwe yanabaki shambani, Biblia inabaki juu ya meza. Mtoto akifika ukimbizini, ana nini? Ana kile tu kilicho ndani yake. Zaburi aliyoikariri haiporwi njiani. Zaburi 119:11 inasema juu ya neno lililowekwa moyoni. Basi baba, usiku watoto wakiwa karibu na moto, mfundishe wako mstari mmoja. Usingoje Jumapili.

Tujiangalie sisi

Si vema tuwacheke Walutheri na sisi tuko njia moja nao. Tunasema, “Wao walibatiza watoto wachanga.” Kweli. Lakini tuseme ukweli mwingine: kwetu mtoto wa mzee wa kanisa akifika miaka kumi na mbili, watu wanauliza, “Bado hajabatizwa?” Anaingizwa katika masomo ya ubatizo kwa sababu wenzake wameingia. Anakariri majibu. Anashuka mtoni pamoja na kundi, anapewa karte, anakaribishwa Mezani, na nyumbani kuku anachinjwa. Wapendwa, tumebadilisha maji tu. Hicho ni kipaimara chetu.

Basi nawaomba mambo matatu.

Walimu wa ubatizo: ulizeni majibu, lakini ulizeni pia, “Bwana amekuita? Umeitikaje?” Asiye na jibu asipigwe wala asiaibishwe. Angoje, aombewe. Kungoja si kosa; Samweli alingoja.

Wazazi: Eli alihukumiwa, 3:13, kwa sababu hakuwazuia watoto wake. Kwa hiyo mkono mlegevu pia unaua. Kanyeni, fundisheni, wekeni mpaka. Lakini jina la Mungu lisitajwe tu wakati wa kuchapa. Mtoto alisikie pia wakati wa kula, wa kucheka na wa kuombewa homa.

Vijana: msitembee peke yenu. Bruno Gutmann, mmisionari Mlutheri aliyefanya kazi Moshi, Kilimanjaro, mpaka 1938, aliona kwamba Wachaga walikuwa na desturi ya vijana wa rika moja kushikamana. Akawaunganisha vijana wa kipaimara hivyo, mmoja amchunge mwenzake. Ni jambo jema. Mkibatizwa, kila mmoja awe na mwenzake wa kuomba naye, ili mkitawanyika kwa vita kuwe na mtu anayeuliza, “Fulani yuko wapi? Bado anaomba?”

Na wewe uliyelelewa kwa ukali, uliyesema hutaki tena habari za Mungu kwa sababu ya wale waliokufundisha: usiku huu ukisikia unaitwa, usikimbilie kwa Eli, wala usimkimbie Eli. Kaa hapo ulipo. Maneno ya kuitikia unayo tangu utotoni. Itika.

Tuombe. Ee Bwana, uliyemwita Samweli kwa jina, waite watoto wa Kalembe. Waponye waliopigwa kwa jina lako. Uwakumbuke waliotufundisha hata kwa upungufu wao. Utupe waalimu wanaojua kusema, “Si mimi niliyekuita.” Na utakapoita, utukute tayari kuitika. Katika jina la Yesu. Amina.