Pembetatu na Dalili Yake

Watoto wetu wengi wamekariri kwamba pembe za ndani za pembetatu zina jumla ya nyuzi 180. Wakiulizwa sababu, hunyamaza; na umbo likigeuzwa kidogo katika mtihani, hawajui pa kuanzia.

Tuchukue pembetatu yoyote. Kwenye kipeo chake cha juu tupitishe mstari ulio sambamba na kitako. Hapo pana pembe tatu: ya katikati ni ya pembetatu yenyewe, na zile za kando ni sawa na pembe mbili za kitako, maana ni pembe mbadala baina ya mistari sambamba. Zote zimepangana upande mmoja wa mstari ulionyoka, nao una nyuzi 180. Basi tukipewa 50 na 60, ya tatu haina budi kuwa 70.

Anayepima kwa kipimapembe amejua pembetatu moja. Mwenye dalili amezijua zote. Ndiyo maana wanazuoni wa Baghdad, zama za Khalifa Harun al-Rashid, walikifasiri kitabu cha Euclid kwa Kiarabu. Nasi jioni tuketi na watoto wetu, na kwa kila jibu tuwaulize kwa upole: "Dalili yako ni ipi?"